Sufuria Bila Moto, Moto Bila Sufuria

Naomba kwanza mcheke, mmalize kabisa, ndipo nianze, kwa sababu najua mtacheka tu na mimi sipendi kukatizwa katikati. Ndiyo, ni mimi. Ni mimi yule mkwe wa Muthetheni aliyewakalisha wazee na njaa kutoka asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama, siku ya ntheo yake mwenyewe, huku moto mkubwa ukiwaka bila sufuria na sufuria kubwa ikikaa bila moto, hatua thelathini hivi kati yao, na watu wazima wenye akili timamu wakingoja simu iwaambie la kufanya. Na kama hiyo haitoshi (haikutosha), ni mimi niliyemtukana mama mkwe herufi moja moja mbele ya kijiji kizima, ingawa sauti iliyosikika haikuwa yangu. Tutafika huko. Mimi mwenyewe sina haraka ya kufika.

Kazi yangu mnaijua. Nafundisha kompyuta kwa chuo kimoja pale Machakos mjini, na somo langu la kujivunia ni lile la jinsi mashine inavyogawa kazi: programu ni nyingi, vifaa ni vichache, sasa nani atumie nini, aanze lini, na aachie lini. Nimelifundisha miaka sita. Niko na slaidi nzuri sana kuhusu kitu kinaitwa mkwamo, ambapo programu ya kwanza imeshika kifaa kimoja ikingoja cha pili, na programu ya pili imeshika hicho cha pili ikingoja kile cha kwanza, na kwa kuwa hakuna inayotaka kuachilia, basi zinangojana hivyo mpaka mtu azime umeme. Kila mwaka naiweka kwa mtihani, na kila mwaka kuna mwanafunzi anaandika upuuzi mtupu, nami namwandikia pembeni kwa kalamu nyekundu, "Fikiria maisha ya kawaida." Hayo maneno myaweke mahali, nitayahitaji baadaye.

Kwa yule asiyejua, ntheo ni zile mbuzi mwanamume hupeleka kwa kina msichana, zinachinjwa huko na kuliwa huko, na bila hizo hata mkae pamoja miaka ishirini na watoto sita, kwa Wakamba huyo bado si mke wako. Mimi na Mwende tulikuwa tumeipanga mara mbili ikaahirishwa mara mbili. Ya kwanza kulikuwa na msiba kwao, ya pili mvua ilibeba daraja (mvua! Muthetheni! watu wameiombea miaka, ikaamua kuja wiki yangu). Hii ilikuwa ya tatu, na Mzee Nzioka, baba yake Mwende, alikuwa ametuma neno fupi kwamba hakuna ya nne, na kwamba kwa boma lake ntheo ambayo haijaliwa kabla jua kuzama ni kama haijaletwa. Kwa hivyo mambo yalikuwa wazi: nyama iingie mdomoni mwa Mzee kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni, la sivyo nirudi kwangu Katelembo nikapikie kuku wangu na kuzeeka nao.

Mtu mwenye busara angepeleka mbuzi, akae kwa kiti cha plastiki, anyamaze. Lakini mimi ni mtaalamu.

Mnaona, boma lile liko na shangazi yake Mwende anaitwa Syombua, mama wa miaka sitini hivi, na kila kukiwa na shughuli Muthetheni, harusi, matanga, kuchangia kanisa, yeye ndiye husimama katikati ya uwanja mikono kiunoni na kupiga kelele. Wewe leta maji! Hiyo sufuria toa hapo! Nani amekalia mwiko? Hana daftari, hana orodha, hana chochote ila koo. Nilimwona mara moja kwa mazishi akilisha watu mia tatu, na mimi, badala ya kushangaa kwamba watu mia tatu walikula na kushiba, nilishangaa kwamba hakukuwa na mfumo. Nikamwambia Mwende, "Hiyo ni vurugu tu. Siku yetu nitaandika programu ya kupanga kila kitu. Shangazi apumzike."

"Kioko," Mwende akasema, "wacha Shangazi afanye kazi yake. Na hiyo kompyuta yako uiwache kwa gari."

Nikacheka. Jamani, nilicheka kabisa.

Programu yenyewe niliipa jina Ratiba Safi, na ilikuwa na simu tatu kuukuu: moja ya jikoni kwa akina mama, moja ya wanaume wa kwetu wanaochinja, na yangu mimi, ambayo ndiyo ilikuwa kiongozi wa hizo nyingine. Kila kifaa cha maana nilikibandika namba. Sufuria kubwa ya kanisa, ile moja tu inayotosha mbuzi wanne, namba moja. Meko ya nje, mawe matatu ambayo ndiyo peke yake yanaweza kubeba sufuria hiyo, namba mbili. Pipa la maji namba tatu. Choo namba nne (msiniulize). Ukitaka kitu, unakibonyeza kwa simu. Ikiwa kijani ni chako, ikiwa nyekundu unangoja. Na hakuna kunyang'anyana: aliyeshika ameshika mpaka amalize kazi yake.

Kulikuwa na mstari mmoja tu kwenye hiyo programu uliosema kwamba mtu akikaa na kitu muda mrefu bila kukitumia, anapokonywa. Nilipoijaribu nyumbani, ulininyang'anya birika langu la chai kabla maji hayajachemka. Nikakasirika, nikaufuta. Huo ndio uamuzi wangu mdogo, mstari mmoja, na nilipoufuta nilijisikia nimefanya usafi.

Halafu nikaweka nenosiri, ili mtu asije akafungua vitu kwa nguvu na kuharibu utaratibu, na hapo lazima niwaeleze kuhusu Mama Mwende.

Mimi nimelelewa Athi River, kwa plot ya wafanyakazi wa viwanda, Mluhya mlango huu, Mtaita ule, na wazazi wangu walinisemesha Kiswahili ili nipite shule. Kikamba changu ni cha kuomba nyama. Kwa hivyo siku ya kwanza nilipopelekwa kwa kina Mwende, nilimnyooshea mama yake mkono kama vile mtu yeyote amelelewa vizuri, naye akaficha wake ndani ya leso akapita zake jikoni. Siku ya pili aliniwekea chai kwa stuli akatoroka kabla sijasema asante. Siku ya tatu tulikutana njiani karibu na soko, uso kwa uso, na yule mama, na kapu lake la nyanya kichwani, aliacha njia akaingia ndani ya shamba la mbaazi la mtu, akanipa mgongo, akangoja nipite. Mimi nikapita. Nilifika mjini nikamwambia rafiki yangu Muli, "Huyo mama ananichukia mpaka ananikimbia. Ni kisirani, kisirani wa kuzaliwa." Na jioni ile ile nilikuwa natengeneza Ratiba Safi, ikaniuliza nenosiri, na mimi nikaipa.

Sasa siku yenyewe. Tulifika asubuhi na mbuzi wetu, tukapokelewa vizuri, tukaketi. Nikaeleza Ratiba Safi mbele ya wazee wote, nikaonyesha kijani na nyekundu, nikatumia maneno kama "ufanisi". Shangazi Syombua alikuwa amekaa kando kwa kigoda, kwa mara ya kwanza katika maisha yake bila kazi, mikono ameikunja, na nilipomtabasamia alitazama mbuzi.

Mzee Nzioka akasimama. Ni mtu mrefu, haongei sana. Akasema, akiniita mkwe kwa Kikamba, "Mthoni wetu amekuja na utaratibu wake. Sisi si watu wa kumwaibisha mgeni. Leo nisisikie mtu amegusa kitu kabla simu haijakubali. Mimi nimesema." Wazee wakaitikia. Mimi nikavimba kichwa kikakosa kofia ya kukitosha.

Akina mama waliomba sufuria, ikawa kijani, wakaijaza muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe na maji ndoo sita. Dakika tano baadaye wanaume wetu, wakiongozwa na Muli, wakaomba meko, kwa kuwa moto unataka kuanza mapema, ikawa kijani, wakawasha. Moto mzuri, wa magogo. Wakachinja, wakapasua, nyama ikawa tayari kwa mabeseni. Halafu akina mama wakaomba meko. Nyekundu. Halafu Muli akaomba sufuria. Nyekundu.

Wakangoja.

Na mimi, mtaalamu, nilikuwa nimekaa na wazee nikiwaeleza kwamba rangi nyekundu ni jambo zuri, inamaanisha mfumo unafanya kazi.

Saa tano chai ilikuja, imepikwa kwa jiko dogo la makaa ndani, na mkate. Saa sita chai ikaja tena, mkate kidogo. Saa saba chai peke yake. Saa nane chai ilipokuja mzee mmoja alikifunika kikombe kwa mkono na kusema ameshiba maji tangu utotoni. Na mnajua chai ikiingia inatafuta njia ya kutoka, na njia ya kutoka ilikuwa namba nne. Nilikuwa nimeipanga kwa heshima, wazee kwanza kila wakati, sasa wazee walikuwa kumi na wawili na chai ni nyingi, kila kijana akikaribia zamu yake mzee mwingine anabonyeza. Kuna binamu yangu alibonyeza namba nne saa saba na hakuwahi kuipata. Nilimwona mara ya mwisho akikimbia kuelekea korongoni.

Ni Muli aliyekuja kuninong'oneza. Muli tulisoma naye, anashughulikia mitambo ya kompyuta kwa kiwanda kimoja huko kwetu Athi River, na huongea hivi hivi hata kwa wakwe.

"Buda," akasema, "sisi tuko na moto. Hao wako na sufuria. Sisi tunangoja sufuria. Hao wanangoja moto."

"Ndiyo?"

"Si hii ndiyo ile ya mtihani?"

Nikasimama, nikatazama upande huu: moto wa kuchoma ng'ombe mzima, wanaume sita wameukalia bila la kufanya, mmoja anauongezea kuni kwa sababu usizime. Nikatazama upande ule, kwa mlango wa jikoni: sufuria ya kanisa imejaa mpaka juu, baridi, akina mama wameizunguka kwa adabu. Miaka sita nafundisha hiyo kitu, na wanafunzi wangu ambao niliwapa alama mbili kwa kumi, wangekuwepo pale, hata wao wangejua.

Haidhuru, nikajiambia, mimi ndiye kiongozi, nitafungua kwa simu yangu. Nikaitoa mfukoni, na ilikuwa imezima kwa joto. Nikaiwasha tena, na zile simu mbili zikakataa kuitambua. Kwa akili yao kiongozi alikuwa amekufa, na huyu mpya hawamjui, kwa hivyo kila moja ikaendelea kulinda kile ilichoambiwa mwisho. Hiyo nayo niliiandika mimi mwenyewe na nikaiita usalama. Njia iliyobaki ilikuwa moja: mtu aandike nenosiri kwenye simu yenyewe inayoshika kitu. Nikaikimbilia ile ya Muli, ambayo ningeifungua bila mtu kujua, nikapata kioo chake kimeenda: binamu yangu, kabla ya kukimbilia korongo, alikuwa ameibonyeza namba nne kwa hasira mpaka kikapasuka. Ikabaki simu ya jikoni.

Ilikuwa saa kumi kasoro. Nikaenda kwa Mzee Nzioka nikiwa nimeinama. "Mzee, naona tuachane tu na hii ratiba, watu wabebe sufuria waiweke motoni."

Alinitazama kwa macho yaliyochoka kwa njaa. "Asi, mthoni. Uliomba ratiba ifuatwe. Mimi nikasimama mbele ya wazee nikasema itafuatwa. Sasa unataka niseme nini? Kwamba mkwe wangu alileta mchezo na mimi nikaubariki?"

"Hapana, Mzee."

"Basi simu ikubali. Na jua," akaongeza, akikitazama kilima, "halingoji."

Mkiniuliza kwa nini watu wote hao hawakubeba tu sufuria hatua thelathini, jibu ndilo hilo. Hakuna aliyeshindwa. Walikuwa wakinilinda. Wamama arobaini walikaa na njaa ili mgeni asionekane mjinga, na mgeni alikuwa pale pale akiomba kikombe cha tano.

Nikaelekea jikoni mbio. Nilikuwa nimebakiza hatua mbili kuingia, Shangazi Syombua akainuka kutoka kwa kigoda chake na kusimama mlangoni, mlango ukajaa.

"Unaenda wapi?"

"Kuchukua simu, Shangazi. Niandike kitu kidogo tu."

"Mama mkwe wako yuko ndani."

"Najua, nitamsalimia haraka haraka na..."

"Utamsalimia!" Akaangalia nyuma kama anayetafuta shahidi. "Wewe hukufundishwa nthoni? Mwanamume haingii jikoni kwa mama mkwe. Hamwangalii machoni, hamshiki mkono. Akimwona njiani anaacha njia, na yeye akimwona anaacha njia. Ile ndiyo heshima. Huyo mama amekuheshimu tangu siku ya kwanza, amepita kwa mbaazi na miiba kwa sababu yako, hata kabla hujaleta mguu wa mbuzi. Anasema, huyu ni mthoni wangu wa kwanza, sitaki kumkosea. Na wewe unataka kumwingilia jikoni?"

Mama yule hakuwa akinichukia. Alikuwa amenipa heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, mara tatu, na mimi nilikuwa nimeichukua hiyo heshima nikaitafutia jina, nikaandika jina hilo kwenye simu iliyo jikoni mwake.

"Basi mtoe simu nje, Shangazi," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imepanda.

"Imefungwa kwa ukuta, kwa umeme wa jua. Ukiichomoa inakufa." Ni kweli, betri yake ilikuwa imekufa zamani, nilikuwa nimeinunua bei ya chini, na ikifa ingekufa ikiwa imeshika sufuria.

"Mwende basi. Mwende aje, nimwambie yeye."

"Mwende amefichwa kwa nyumba ya nyanya yake, hatoki mpaka nyama iliwe. Mama Mwende mwenyewe ataandika, hajakosa vidole. Niambie mimi, mimi nitamwambia."

"Nikuambie kwa sikio?"

"Kwa sikio."

Nikainama, nikanong'ona herufi ya kwanza. Na sasa ndipo nilipojua kwamba Mungu akimpa mtu koo la kulisha watu mia tatu, hampi lingine la kunong'ona.

"EMU!" akasema Shangazi Syombua.

Uwanja mzima ukageuka. Jikoni kukasikika mlio wa simu, ti.

"EI!"

Ti.

"EMU! EI!"

Ndani ikasikika sauti ya chini, ya mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akiongea: "Mama?" Na kicheko chembamba cha aibu. "Asi. Ameandika mama." Wamama waliokuwa ndani wakapiga vigelegele. Kuna mzee alinipigia makofi. Mimi nilishika ukuta.

Ningeacha hapo, si ndiyo? Ningesema ni hiyo tu, limeisha, mama. Lakini haingefunguka, na nilikuwa nimeweka pia kwamba ukikosea mara tatu simu inajifunga saa nzima (usalama), na kivuli cha nyumba kilikuwa kimefika zizini.

"KEI!" "AI!" "ESI!" "AI!"

"Mama kisi..." mzee mmoja akaanza, akihesabu kwa vidole, na uso wake ukang'aa. "Kisima! Amemwita mama yetu kisima!" Wazee wakafurahi kweli, wakasema huyu kijana anajua shida ya maji ya huku, huyu ameoa na akili. Mzee Nzioka alitikisa kichwa polepole, ameguswa. Nakuambia nilitamani sana kuwa huyo kijana waliyekuwa wakimsifu.

Nikanong'ona inayofuata. Hata Shangazi alinitazama kwanza.

"AA," akasema, na sasa sauti ilikuwa imepungua.

Makofi yakaisha. Hakuna kisima chenye R. Ikafuata ya kumi, ti, na yule mzee wa vidole aliacha kuhesabu akakunja mkono. Ikafuata ya kumi na moja, na hapo watu wote, mpaka yule binamu aliyekuwa ametoka korongoni, walikuwa wamelimaliza neno vichwani mwao. Muli alikuwa anautazama moto kwa makini ya ajabu. Ya mwisho Shangazi hakuningoja nimwambie. Akaitamka yeye mwenyewe, taratibu, akiniangalia usoni, "Ai."

Ti.

Kisha kutoka jikoni, ile sauti ya chini, bila hasira, bila chochote:

"Imekubali."

Kweli ilikuwa imekubali. Kijani. Sufuria ilikuwa huru, na hakuna aliyeigusa, kwa sababu sasa wote walikuwa wanamtazama Mzee Nzioka kuona kama bado kuna haja ya kupika. Mimi nilianza kuhesabu mbuzi waliobaki hai, nijue nitarudi na wangapi. Hawakuwepo.

Mzee alimwangalia dada yake, Shangazi Syombua, na Shangazi akaingia jikoni. Mle ndani wakaongea Kikamba, chini chini, haraka, nami sikuelewa hata neno moja na sikustahili kuelewa. Akatoka.

"Mama Mwende anasema," akatangaza, na sasa koo lake lilikuwa limerudi lote, "kama simu imemkubali hivyo alivyo, yeye ni nani akatae mtu? Anasema pia kuna mbuzi ya faini, na mthoni asiilete akiwa na simu." Halafu, bila kupumua, akanigeuzia mgongo na kupiga kelele kama aliyefungiwa mdomo mwaka mzima: "Nyinyi mnaangalia nini? Muthokoi mwaga kwa mabeseni! Nyama ndiyo ntheo, muthokoi si ntheo! Sufuria hapa! Wewe wa kuni, punguza huo moto, unataka kuchoma Muthetheni? Na nani alikuwa ameshika moto bila sufuria? Mtu hushika sufuria kwanza, akiikosa haendi kuwasha! Mnafundishwa nini huko mjini?"

Mbele yangu, kwa pumzi moja, alikuwa ametaja dawa ya mkwamo iliyo kwenye slaidi yangu ya mwisho, ile ambayo kila mwaka muda huisha kabla sijaifikia: kila mtu achukue vifaa kwa mpangilio ule ule, na hakuna atakayemfungia mwenzake. Dakika kumi sufuria ilikuwa motoni. Choo nacho kilianza kutumika kama kawaida.

Jua lilikuwa limekaa juu ya kilima wakati Mzee Nzioka alipopewa kipande cha kwanza. Nyama ilikuwa bado ngumu. Alitafuna, akatafuna, sisi sote tukimtazama taya, na mimi nikilitazama jua, likiingia nusu, likiingia robo tatu. Akameza. "Imeliwa," akasema, kisha akaomba kijiti cha meno. Mwende akaletwa, na kitu cha kwanza alichoniuliza mke wangu, siku alipokuwa mke wangu, ni, "Kompyuta si nilikuambia uiwache kwa gari?"

Mbuzi ya faini niliipeleka wiki iliyofuata, bila simu, na nilitembea na hiyo mbuzi njia nzima nikifikiria la kusema, ingawa sikuruhusiwa kumwambia mwenyewe. Nimeapa, na nyinyi ni mashahidi: sitaandika tena programu ya kupanga watu mahali ambapo kuna mtu tayari anawapanga kwa koo. Kwa darasa ile slaidi ya mwisho sasa ndiyo ya kwanza, na wanafunzi wanaiita Kanuni ya Shangazi bila kujua ni shangazi wa nani. Yale maneno ya kalamu nyekundu niliacha kuyaandika.

Na juzi nilikuwa Muthetheni. Natoka sokoni, nikamwona Mama Mwende anakuja upande wangu na kapu kichwani. Safari hii nilijua. Nikaacha njia haraka, nikaingia kwa miiba upande wa kushoto, nikageuza uso. Naye, kwa heshima yake, alikuwa ameshaacha njia akaingia kwa mbaazi upande wa kulia, akanipa mgongo. Njia ikabaki tupu katikati, mimi nangoja apite, yeye anangoja nipite, na suruali yangu imeshikwa na mwiba. Tulikaa hivyo muda mrefu. Kisha kutoka ndani ya mbaazi, akiyaambia majani na wala si mimi, akasema, "Mumwambie mthoni Mama Kisirani amemsalimia." Nami nikaiambia miiba, "Mumwambie mama salamu zimefika, na nisamehewe." Mbaazi zikatikisika, sijui ni upepo au ni yeye anacheka. Ni mwenye ng'ombe aliyepita hapo katikati ndiye alitufungulia njia.